Parrain Aliyeshika Maillot

Mambo iliharibika mardi, tarehe 13 mwezi wa pili 2024, kesho yake ikiwa Jumatano ya Majivu. Asubuhi ile bibi yangu wa ndoa, Sidonie, alitoka nyumbani kwetu Murara, hapa Goma, na unga kichwani, kupelekea dada yake aliyekimbia vita ya Kibumba na kulala chini ya sheeting, ile turubai ya kambini. Bomu ikaanguka kule. Ilitoka upande gani? Kila mukubwa anamuonyesha mwenzake kidole. Wao wote wangali wazima.

Sidonie hakufa papo hapo. Jeep iliyomufikisha hopitali ilikuwa ya Wenceslas, prezida wa federasyo ya velo, ya baiskeli, tena parrain wa mutoto wetu Gauthier: siku ya confirmation, kipaimara, ndiye alimuweka mukono begani mbele ya askofu. Gauthier alikuwa naye, angali na maillot, jezi yake ya mazoezi. Ule mutoto alijifunzia miguu kwenye chukudu, ile velo ya mbao, kushusha makabichi. Sasa timu moja ya Ubelgiji ilikuwa inamulipa kukimbia na velo.

Hopitali kwetu damu haitoke frigo bure. Mugonjwa akipewa poche moja, mfuko wa damu, jamaa warudishe poche moja. Mimi infirmière, muuguzi, alinikatalia.

— Papa, na ile tension yako ya damu, tutazika wawili.

Gauthier akavua maillot.

— Mutoto, uko na course mbele, mashindano makubwa, Wenceslas akamwambia.

— Parrain, niko na mama.

Wenceslas akapokea ile maillot, akaikunja juu ya magoti yake, taratibu, kama nguo ya padri. Niliona. Poche ikajaa. Gauthier akasema waongeze, infirmière akamufukuza. Kesho asubuhi akarudi, akakuta infirmier mwingine asiyemujua, akatoa tena. Juu ya poche hawaandikaka jina ya mutu aliyetoa, wanaandika ya mugonjwa. Tuliona ni vizuri. Tulijua damu ni ya nani.

Kesho yake tena, jeudi, Sidonie akakufa.

Gauthier alizika mama yake, akapanda ndege, maana contrat haijui kilio. Kule wakamupima. Dawa hawakuona. Lakini damu, walisema, ilipunguzwa, na mwili uko unatengeneza ingine mbio mbio. Kumbe kuko wakimbiaji wanaotoa damu yao, wanaiweka baridi, wanairudisha siku ya course ili wapate nguvu. Wakamuuliza:

— Yako uliificha wapi?

— Niliiacha ndani ya mama yangu.

Wakaandika. Wakaomba shahidi mwenye cheo. Mimi baba si shahidi, tena sikumaliza primaire. Nikamwambia Gauthier kwenye telefone: lala, parrain aliona yote.

Parrain akajibu wale wazungu kwamba hakuona kitu.

Nikamufuata kwenye bureau yake.

— Papa Gauthier, kaa. Sukari?

— Siko na njaa ya sukari. Sema ulichoona.

Akafunga mulango.

— Sikiliza. Mwezi ule nilishaandikia wafadhili kwamba wakimbiaji wote walikuwa na mimi kwenye stage, kambi ya mazoezi, Butembo. Nikisema leo nilikuwa hopitali Goma, watauliza stage ilikuwa wapi. Federasyo itaanguka, vijana wengine watakosa velo. Gauthier avumilie. Angali kijana.

— Butembo? Barabara si ilifungwa na vita?

— Wazungu hawajui ile barabara.

Alisema vile akikoroga chai.

Wakamusimamisha mutoto miaka minne. Amerudi Murara, velo iko kwenye ukuta na matairi bila pumzi. Wapita njia wanaita «Docteur Sindano!» Juzi huko Kituku, bandari ya ziwa, mimi ninapopakuaka magunia ya mitumbwi, mama moja wa samaki alipiga kelele:

— Angalieni hii sambaza yangu ilivyonona! Papa Gauthier, njoo uionje, utuambie kama nayo waliipiga sindano ya damu!

Wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilicheka pia. Ningefanya nini? Sambaza ilikuwa imenona kweli.

Tarehe mbili ya Novemba tukamuombea Sidonie misa pamoja na marehemu wengine. Wenceslas alikuja, akakaa banc ya mbele, suti nyeusi, akaimba kuliko kwaya. Gauthier alikataa kutoka nyumbani, alisema hawezi kumuona. Padri alipotuambia tupeane amani, Wenceslas akageuka kwangu na mukono umenyooka na macho ya huruma.

— Amani ya Kristu, Papa Gauthier.

Nikaushika ule mukono. Nikakataa kuuachilia. Nikamuuliza neno moja tu, si kwa kelele, lakini mabanc tatu zilisikia. Akavuta mukono, mimi nikakaza. Kwaya ikaanza Mwana-Kondoo, akaangalia altare, jasho likamutoka puani. Mpaka leo hajanijibu, na wale wa Ubelgiji hawajamuuliza, kwa hiyo ninauliza tena:

Muzee Wenceslas, ile mardi, wakati damu ilikuwa inamutoka mutoto wangu, maillot yake ilikuwa juu ya magoti ya nani?