Toleo la Kumi na Mbili, Ukurasa wa Tisa

Siku mkono wa shemeji ulipoungua, tulikuwa tunagombana kwa ajili ya mtu ambaye hayupo.

Mtu huyo anaitwa Komeo, shujaa wa vitabu vya katuni. Akifunga ngumi zote mbili, mwili wake unageuka chuma. Akizifungua, anarudi kuwa mtu wa kawaida wa kuchomwa kisu, kama mimi na wewe. Baba ndiye aliyeninunulia toleo la kwanza nikiwa na miaka tisa. Tulisoma pamoja, yeye akiigiza sauti za maadui, na kwa kuwa alikuwa fundi mitambo, kila ukurasa aliougeuza ulibaki na alama ya dole gumba lake la grisi. Alipofariki nilikuwa na matoleo thelathini. Siku ninayoisimulia nilikuwa na hamsini na moja, ndani ya boksi la bati nililolichomelea mwenyewe. Boksi hilo nililiweka kwenye kabati langu pale karakana. Kama karakana ingeungua, ningelilia hilo kwanza.

Shemeji, mume wa dada yangu, naye alikuwa na boksi lake la Komeo. Ndiye aliyenitafutia kazi. Tunatengeneza mageti na madirisha: yeye anachomelea, mimi nashika moto. Napasha nondo kwenye jiko la mkaa mpaka iwe nyekundu, naikunja maua ya geti, naiweka kwenye stendi ipoe. Nondo ikirudi kuwa nyeusi usidhani imepoa, bado inaweza kukuvua ngozi. Ndiyo maana karakana yetu ina sheria moja. Kila kinachotoka motoni kinachorwa mstari wa chaki, na chenye chaki hakiguswi. Kisicho na chaki unakishika bila kuuliza. Kuchora ni kazi yangu. Miaka sita sikuwahi kusahau hata mara moja, na nilijisifu kwa hilo mpaka watu wakachoka.

Asubuhi hiyo nilikuja na toleo la hamsini na moja, jipya, bado linanuka wino. Komeo anaingia kwenye ghala linaloteketea na kubeba boriti ya moto kwa mikono mitupu.

"Huu ni uongo," nikasema. "Toleo la kumi na mbili walimfunga mnyororo wa moto kwenye mikono, akaungua, akalia kama mtoto. Moto unamshinda. Leo anabeba boriti kama mwavuli?"

"Amekua, Wakili," shemeji akajibu. Ndivyo wanavyoniita, kwa ubishi wangu. "Kwani mtu hakui?"

"Kukua kuna sababu. Nionyeshe ukurasa alikojifunza."

Akainua kinyago chake cha kuchomelea. "Na kule kwenye mnyororo aliungua kwa sababu viganja vilikuwa wazi. Alikuwa bado nyama tu. Wewe picha unazitazama, huzisomi."

"Ngumi zilikuwa zimefungwa!"

"Wazi."

"Zimefungwa, shem! Mwandishi akishaweka sheria aifuate, la sivyo tunasoma upuuzi!"

Mpaka rangi wa karakana alikuwa amechuchumaa kando ya geti, brashi mkononi. "Kila siku midomo tu, kama redio mbili," akasema. "Wekeni kitu, tuone nani mwanamume."

"Maboksi," shemeji akasema papo hapo. "Atakayeshindwa anachoma matoleo yake hapo kwenye mkaa, moja moja, kwa mkono wake. Sheria ni sheria, si ndiyo unavyotaka?"

Niliwaza alama za dole gumba la baba. Lakini mpaka rangi alikuwa ananitazama huku anacheka, na mimi kurudi nyuma sikuzaliwa nako.

"Nimekubali. Subiri hapohapo."

Nilikuwa na nondo kwenye koleo, nimetoka kuikunja. Niliitupa juu ya stendi, nikakimbilia kabatini. Chaki ilikuwa nyuma ya sikio langu, na ikabaki hapo.

Boksi lilikuwa na kufuli gumu, kisha toleo la kumi na mbili lilikuwa chini kabisa. Niliporudi, nondo ilikuwa imekwisha kuwa nyeusi kama zenzake. Sikuitazama. Nilifungua ukurasa wa tisa juu ya fuawe ya kugongea nondo. Komeo amepiga magoti, mnyororo mwekundu umemzunguka mikono, moshi unatoka, na ngumi zake zimefungwa kama makufuli mawili.

Mpaka rangi akainama. "Zimefungwa. Shemeji, umekwisha."

Ningenyamaza hapo, pengine leo tungekuwa tunacheka. Sikunyamaza.

"Mwanamume mzima na ndevu zako, vidole vya kwenye picha vinakushinda! Kalete boksi. Na ukichoma, ulie kama yeye, dada aje akubembeleze."

Uso wake ulibadilika. Alikinyakua kile kitabu, akaung'oa ukurasa wa tisa, akausokota na kuutupa kwenye mkaa. Uliwaka mara moja, ukajikunja, ukaisha, na dole gumba la baba likaenda nao.

"Haya," akasema. "Nionyeshe tena hizo ngumi."

Nilimpiga kichwa cha pua. Nilisikia mfupa ukilia. Damu ilimruka mpaka kwenye shati langu, naye hakurudi nyuma hata hatua moja. Alinishika koo, akanibamiza kwenye geti lenye rangi mbichi, mara ya kwanza, mara ya pili. Nilimng'ata mkono mpaka nikaonja damu yake. Alinitupa chini. Nikamkamata mguu, akaanguka juu yangu na uzito wake wote, goti kifuani, ngumi mdomoni, na jino langu la mbele likanishuka kooni. Mpaka rangi alikuwa anapiga kelele, "Mnauana! Jamani, mnauana!" lakini hakusogea.

"Nitakuua, mtoto wewe," shemeji akasema. Damu ya pua yake ilinidondokea machoni.

Akanyoosha mkono wa kulia kwenye stendi atafute cha kunipigia. Hapo nikaona kitu ambacho sitakisahau. Aligeuza shingo. Katikati ya hasira ile yote, aligeuka kuangalia chaki. Nondo haikuwa na mstari. Akaishika, akakaza ngumi.

Nilijua kabla yake. Nilifungua mdomo, lakini goti lake lilikuwa limenikata pumzi.

Kwanza ulisikika mlio wa nyama kwenye kikaango. Kisha akapiga ukelele ambao sikudhani unaweza kutoka kwa mtu. Alitaka kuiachia nondo, lakini mkono haukukubali. Ngozi ilikuwa imeganda nayo. Alikuwa akiupigapiga hewani, nondo ikizunguka nao, ikampata yule mpaka rangi na kumpasua nyusi. Nilimrukia, nikaibana nondo kwa koleo na kuvuta kwa nguvu zangu zote. Ilitoka. Ngozi ya kiganja ilibaki juu yake, nzima, kama glavu.

Hospitali walikata vidole viwili. Vitatu vilivyobaki havikunji. Mkono ule hautafunga ngumi tena.

Mpaka rangi alimsimulia kila mtu kwamba shemeji alipofuka kwa hasira, akashika chuma chenye chaki. Bosi akaamini. Dada akaamini. Mimi nilikaa kimya wiki tatu, naona aibu hata kumeza mate.

Wiki ya nne shemeji alikuja karakana, mkono kwenye bandeji. Dada alikuwa nyuma yake amebeba boksi la mbao. Akaliweka miguuni pangu.

"Nilishindwa," shemeji akasema. "Zilikuwa zimefungwa. Nimeleta." Kisha akanisogelea. "Wakili, watu wote wananiambia sikuangalia. Mpaka mke wangu. Usiku nalala najiuliza kama nina akili timamu. Niliangalia, au sikuangalia?"

Dada alinitazama. Ningesema neno moja tu, "hukuangalia," ningebaki safi maisha yangu yote.

"Uliangalia," nikasema. "Hapakuwa na chaki. Nilisahau."

Alinipiga kwa mkono wa kushoto. Wa kushoto haukuwa mkono wake wa kupigia, ila ulitosha. Nikainuka, akanipiga tena, sikioni, na ya tatu ikanipeleka mpaka kwenye ndoo za rangi. Sikunyanyua mkono. Dada hakutuamua.

Alipochoka alisimama anahema, akalisukuma boksi kwa mguu.

"Mimi siwezi kushika koleo. Nichomee."

"Shem, basi. Rudi nalo nyumbani."

"Sheria ni sheria. Choma."

Nikachoma. Matoleo arobaini na saba, moja moja, kwa koleo, yeye akitaja namba ya kila moja kabla halijashika moto. Lake la kumi na mbili lilikuwa zima. Niliuona ukurasa wa tisa ukipita. Aliona ninavyoutazama, akataja namba iliyofuata.

Lilipoisha la mwisho, nililaza koleo juu ya stendi. Hakuondoka. Alisimama palepale, macho kwenye koleo, anasubiri.

Nikatoa chaki nyuma ya sikio, nikachora mstari. Ndipo akageuka, akatoka.