Sanduku Namba Kumi na Nne

Kila siku ya kazi, saa kumi kasorobo, karani Kiprugut alichonga penseli zake, akawasha jiko la mafuta ya taa na kuteleka birika. Saa kumi kamili mama mmoja alitoka katika sanduku namba kumi na nne, vazi lake la ngozi amelifunga begani, na binti yake akatoka katika namba kumi na tano akaja kumkalia mapajani. Ghala hilo la vitu vya kale lilikuwa nyuma ya karakana moja mjini Nakuru. Mlinzi wake, Kosgei, hakuwaandika katika kitabu cha wageni. Alisema kitabu ni cha wanaoingia, na hawa hawakuingia, walitoka.

Lugha yao ilikuwa imeshakufa, lakini mtu ukikaa naye miezi minane kwa chai, mtaelewana tu. Chai yenyewe hawakuinywa. Walipenda kushika vikombe vikiwa moto.

Kiprugut ndiye aliyewafukua, Aprili ya mwaka 1954, katika kilima kilicho juu ya ziwa. Bwana Pelham, mkuu wa uchimbaji, siku hiyo alikuwa Nairobi kung'olewa jino. Mifupa ya mtoto ilikuwa imelala ndani ya mkono wa mama, kichwa begani. Masanduku yaliyokuwapo yalikuwa ya sabuni, hakuna lililowatosha wote wawili, na mvua ilikuwa imeshafika mlima Menengai. Kiprugut akawagawa. Kwamba walikuwa pamoja hakuandika popote. Aliona si jambo la kuandikwa. Nani asiyejua mtoto hulala wapi?

Mwaka uliofuata Bwana Pelham alitoa makala juu ya kilima hicho katika jarida la wataalamu kule London. Na sheria ya rejista ya ghala ilikuwa moja: hakuna neno la kuandikwa kwa wino ila limechapwa katika jarida, na ukurasa wake utajwe. Jarida lenyewe ghala halikuletewa.

"Kijana, huko wameandika nini juu yetu?" mama aliuliza.

"Bado sijasoma, mama."

"Basi andika wewe. Wewe ulituona."

"Wino unataka ukurasa, mama."

Alijibu hivyo miezi minane, na kila alipojibu aliangalia birika.

Nakala pekee mjini ilikuwa katika maktaba ya klabu ya wazungu. Kiprugut alivaa koti lake la harusi akaenda. Memsahib wa mlangoni alimsikiliza mpaka mwisho, akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, akamsifu Kiingereza chake, akamshukuru kwa kupangusa viatu. Kisha akamwambia jarida ni la wanachama.

Ndipo ikaja barua. Bwana Pelham angekagua rejista Jumatatu, na karani atakayekutwa na mapengo angempisha mwingine. Kiprugut aliishi mtaa wa Bondeni na mkewe Jerop na watoto watatu, katika chumba kimoja kilichotolewa pamoja na kazi hiyo.

Aliyemwokoa ni mzee Ishwarlal, fundi wa kujalidi vitabu pale madukani. Kila mwaka klabu ilimpelekea matoleo manne ya jarida ayashone yawe kitabu kimoja.

"Soma upesi, ndugu," Ishwarlal alisema. "Kesho asubuhi mimi iko peleka. Na mikono, pangusa kwanza."

Kiprugut alisoma amesimama, katikati ya makopo ya gundi. Ukurasa wa 212 ulisema namba kumi na nne ni mwanamume mzee, huenda mkubwa wa watu wake, kwa kuwa alizikwa na bakuli la jiwe. Namba kumi na tano ni mtoto wa kaburi jingine. Hawana uhusiano, maana walifika katika masanduku mawili. Mwisho wa makala mwandishi aliwashukuru vibarua.

Aliona haya mpaka kwenye kucha. Jarida halikumsingizia chochote. Lilikuwa limemwamini yeye na masanduku yake ya sabuni.

"Iko makosa?" Ishwarlal aliuliza.

"Liko langu."

Ishwarlal alivaa miwani, akatafuta jina la Kiprugut katika ukurasa, hakuliona.

Jumamosi adhuhuri Kiprugut alifungua rejista. Angeweza kungoja saa kumi, wenyewe wakiwapo, lakini hakungoja, na hilo ndilo lililomwuma baadaye kuliko yote. Aliandika kwa wino: *Mwanamume, mzee. Hana uhusiano na 15. Jarida, uk. 212.* Akajaza na mstari wa 15, akakausha kwa karatasi ya shashi.

Saa kumi mama akatoka na ndevu. Zilikuwa za mvi, zimefika kifuani, na magoti yalimpa taabu kuvuka ukingo wa sanduku. Kiprugut alitaka kumwita mama kama siku zote, ulimi ukakataa.

"Karibu, mzee," akasema.

"Umeshasoma."

"Nimesoma."

"Na umeandika."

"Nina watoto, mzee."

"Na mimi nilikuwa na mmoja."

Jumatatu Bwana Pelham alikagua safu zote akausifu mwandiko. Mwenye ndevu alikuwa amekaa njiani, mbele ya rafu. Bwana Pelham alimwomba radhi, akampita, akashusha bakuli la jiwe na kulitia katika kabati la vioo. Kiprugut aliachiwa kazi yake na chumba chake.

Binti aliendelea kutoka saa kumi. Alimwamkia yule mzee kwa adabu, kama watoto wanavyowaamkia wazee wasiowajua, kisha akaenda kukaa mbali, karibu na mlango. Kosgei alimpa kigoda chake. Siku ya tisa alikuja mezani, akamvuta Kiprugut mkono wa shati, akamwuliza mama yake atatoka lini.

Mzee alikuwa akikizungusha kikombe mikononi, macho chini. Kiprugut alifungua rejista, akaupitishia kidole mstari wa kumi na tano mpaka mwisho, ingawa alikuwa ameukariri, kisha akamwambia haikuandikwa kwamba ana mama.