Damu ya Mapacha wa Seline

Kati ya mapacha wa Seline, hata mfagiaji wa wadi alijua mgonjwa ni yupi. Apiyo, aliyetangulia kuzaliwa, alilia mpaka sauti ikamkauka, na kipimajoto kilisema ana homa. Mdogo wake Adongo alilala kwa utulivu, na kila aliyepita alimsifu kwa upole wake.

Walubengo, tabibu wa hospitali ile ndogo ya uzazi jirani na Migosi, Kisumu, alikuwa amekwisha kukata shauri: Apiyo apimwe damu, Adongo aachwe alale. Alikuwa mtu mwema, lakini akishakata shauri, kumrudisha nyuma ilikuwa kazi.

Kazi hiyo aliiweza Mama Benta, mama mkwe wa Seline, aliyefika asubuhi hiyo kutoka Luanda Kotieno na kapu la samaki na kichwa kigumu.

"Daktari, hawa ni mapacha. Ukitoboa moja, unatoboa ingine."

"Mama, huyu hana shida."

"Sijasema ako na shida. Nimesema ni mapacha."

Kwa kina Mama Benta, anachofanyiwa pacha mmoja, mwenzake naye hufanyiwa, asije akakasirika. Walubengo, Mbukusu aliyeishi Kisumu miaka mingi, aliijua mila hiyo na ilimchosha. Mwaka ule wa 1989, kuotesha vijidudu vya damu maabara kulichukua siku kadhaa, na maambukizi kwenye damu ya mtoto mchanga hayangoji siku kadhaa. Walitegemea kichupa cha dawa ya kupimia kutoka Nairobi. Mwili ukipigana na vijidudu, ini humwaga protini fulani kwenye damu, na protini hiyo huigandisha ile dawa. Kichupa chenyewe kilikaribia kwisha. Leo kimwagwe kwa ajili ya mtoto mzima!

"Toboa wote," Walubengo alimwambia Nekoye wa maabara mwishowe. "Tusiumizane vichwa."

Apiyo alipotobolewa kisigino alipiga kelele za kuezua paa. Adongo alikunja uso kidogo, akaendelea kulala.

Nekoye hakutuma majibu. Alikuja mwenyewe kumwita tabibu. Kwenye kioo cheusi, tone la Apiyo lilikuwa laini. La Adongo lilikuwa limekatika vipunje, kama maziwa yanayoanza kuganda.

"Umechanganya majina," akasema Walubengo.

"Nilijua utasema hivyo. Nimerudia, na dawa ndiyo imeisha."

Walubengo alirudi wadini nusura akimbie. Apiyo alikuwa amefungwa blanketi tatu katika joto lile la Kisumu. Zilipoondolewa, homa ilianza kushuka na kilio kikapungua. Kisha akamshika Adongo. Miguu baridi. Pumzi fupi fupi.

"Amenyonya saa ngapi?"

"Tangu jana hataki," Seline akajibu. "Si mnasema ni mpole?"

Aibu ilimchoma Walubengo. Mtoto alikuwa anakufa taratibu, na wao wakimsifu.

Adongo alipokwisha kudungwa sindano ya kwanza, Mama Benta alimnyanyua Apiyo. "Na huyu?"

Dawa ile ya sindano ilikuwa kali, ingeweza kuharibu masikio ya mtoto. Haichezewi kwa mzima. Walubengo angeweza kumdunga maji matupu, au kumfokea bibi. Hakuweza lolote kati ya hayo.

"Mama, huyu simdungi. Lakini wacha nikwambie ukweli. Kama si wewe, ningekaa na huyu mzima, na mgonjwa ningemwacha alale mpaka afe. Mimi nilikosea."

Seline aliziba mdomo kwa mkono. Mama Benta alimkazia macho tabibu.

"Daktari hasemangi hivyo."

"Mimi nimesema."

Bibi yule hakuwa amewahi kuwatenganisha mapacha kwa lolote, wala mama yake kabla yake. Alimfunika Apiyo kwa shuka jepesi, akarudi nyuma naye hatua moja.

"Basi usimdunge," akasema. "Lakini wewe usiende popote. Kaa hapa mpaka huyu mgonjwa anyonye."

Walubengo akavuta kiti. Kesho yake asubuhi alikuwa bado pale, shati limekunjamana, Adongo alipolitafuta titi la mama yake akalishika. Wanawake wote wadini walisogea kumtazama. Aliyelia alikuwa tabibu.