Mlango wa Kufungukia Ndani

Watu wa filamu walinijia karakanani Jumanne asubuhi, nina randa mkononi na maranda yamenifika vifundoni. Walikuwa wawili: mwongozaji, bwana mrefu mwenye kofia asiyoivua hata ndani, na msaidizi wake, binti mpole aliyebeba faili. Yule bwana akaipapasa meza niliyokuwa nikiitengeneza, akasema hajawahi kuona kazi safi kama ile. Nikajua navishwa kilemba cha ukoka. Mtu haisifu bure meza ambayo haijawekwa miguu.

Walitaka mlango, tena si mlango wowote. Walitaka mlango wa darasa la chuo cha ushonaji, ule ulioungua miaka mitatu iliyopita pamoja na wasichana kumi na mmoja waliokuwa ndani wakifanya mtihani. Waliambiwa kwamba fundi aliyeutengeneza ni mimi. Wanaigiza mkasa ule, wakasema, na wanataka kila kitu kiwe kama kilivyokuwa, mpaka rangi.

Mmoja wa wale kumi na mmoja alikuwa mpwa wangu, mtoto pekee wa dada yangu. Tulimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Kila Ijumaa alipita hapa na gunia la mama yake kuchukua maranda ya kuwashia jiko, na kabla gunia halijajaa alikuwa ameshanimalizia habari za mtaa mzima. "Mjomba," alipenda kuniambia, "utazikwa na hiyo kaptula." Mimi nilimjibu kwamba atanizika yeye, basi achague suruali anayoitaka. Tangu afariki, gunia lile sikuwa nimeliona tena.

Nikawajibu wale watu kwamba nitafikiri.

Wiki ile ile wakaziita familia zote kwenye ofisi waliyopanga. Tulikaa kwenye viti vya plastiki, mimi na dada tumekaa pamoja. Baba mmoja alisema afadhali iigizwe, maana ripoti ya tume iliyochunguza moto ule imelala kabatini na hakuna aliyeisoma, ila filamu hata asiyejua kusoma ataiona. Mama mmoja akauliza binti atakayemwigiza mwanawe, wakishamaliza kupiga picha, si atanyanyuka, ajipanguse masizi na kwenda kunywa chai? Na wa kwake je? Mwongozaji akaitazama kofia yake, ambayo safari hii alikuwa ameivua. Nilimwonea huruma kidogo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na yeye alikuwa amekuja na mashuka tu.

Kisha dada akasimama. "Mwanangu si mchezo," akasema.

Mwongozaji hakubishana naye. Alimsimulia filamu ilivyo: mlinzi wa chuo amelewa, amelala kibandani, ufunguo mfukoni, huku wasichana wanamwita kwa majina yote wanayoyajua. Watu wataondoka wanamjua mkosaji ni nani. Dada akakaa polepole. Akauliza kama sura ya huyo mlinzi itaonekana vizuri. Akaambiwa itaonekana.

"Basi igizeni," akasema, na tangu msiba sikuwahi kumwona ametulia vile.

Mimi sikutulia. Yule mlinzi namfahamu. Walimwita Kamanda kwa sababu alimpigia saluti kila aliyeingia getini, hata kuku. Pombe hajawahi kuigusa. Mkuu wa chuo alimwamuru aufunge mlango kwa nje mtihani ukianza, asitoke mtu na kitambaa cha chuo, naye akaufunga. Pasi ikaachwa juu ya nguo, moto ukawaka, na madirisha yote yalikuwa na nondo. Mbele ya tume Kamanda alisema maneno machache tu: "Nilikimbia, nikafungua kufuli, nikasukuma. Mlango ukakataa." Watu waliguna. Mlango usio na kufuli unakataaje? Kufuli lilikutwa kwenye majivu limefunguliwa kweli, lakini tume ikaamua kwamba alilifungua moto ulipokwisha maliza kazi yake. Akapelekwa mahakamani, akafungwa miaka miwili.

Nilikuwepo siku ile, benchi la tatu. Aliposema "nikasukuma", niliziona bawaba nilizozipachika.

Seremala yeyote wa nyumba atakwambia: mlango wa mbele hufungukia ndani. Ukifungukia nje, bawaba zinakaa nje, na mwizi mwenye msumari na nyundo atazitoa pini, aubandue mlango mzima na kufuli lake likiwa limefungwa vile vile. Nilifundishwa hivyo, nami nimewafundisha wengine hivyo kwa miaka thelathini. Mkuu wa chuo aliponiagiza aliniambia vitambaa vinaibwa, niutie mlango nguvu. Nikautia nguvu. Nikaupachika kama wa nyumba, bawaba ndani, nikajisifu kwamba mwizi atachoka mwenyewe. Sikuwaza kwamba chumba cha watu wengi si nyumba, kwamba siku ya hatari wote watakimbilia mlangoni, wa nyuma wawasukume wa mbele, na mlango usipate hata nafasi ya kufunguka. Chiriku popote alipokuwa, wa kwanza kutoka alikuwa yeye.

Yote hayo niliyajua pale pale benchini, kabla Kamanda hajamaliza kufuta jasho. Nikanyamaza. Dada alikuwa amenishika mkono, ameubana kwa nguvu, na nilijiambia nitasema kesho. Kesho ikawa miaka mitatu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi sikuumbuka. Niliendelea kula na kulala, na watu wakiniita fundi.

Nikaikubali kazi ya watu wa filamu. Nilichagua mbao za aina ile ile, nikakata ubao ule ule wa chini wenye upana wa kiganja, nikapaka kijani kile kile. Ilipofika zamu ya bawaba nilikaa chini kwa muda mrefu. Mchoro waliouleta ulionyesha mlango unafungukia nje. Nikauweka mchoro pembeni, nikazipachika ndani, kama nilivyozipachika mara ya kwanza. Fremu nikaifunga kwenye nguzo mbili za banda, nikamwita dada.

Alikuja kabla ya adhuhuri. Alisimama mbali nao kwanza, kisha akausogelea, akaweka kiganja kwenye rangi.

"Ndio wenyewe?"

"Ndio wenyewe," nikamjibu. "Dada, Kamanda hakudanganya."

Nikamwambia yote. Nilimwambia habari za bawaba, na mwizi, na mlango kufungukia ndani, na kwa nini mtu aliye nje asingeweza kitu. Nilisema vibaya, narudia rudia, mara nazungumzia pini, mara unene wa mbao, kama mtu anayemweleza mteja. Hakunikatiza. Nilipoishiwa, akazunguka akaingia upande wa ndani wa mlango.

"Funga," akasema.

Nikafunga, nikabaki nje. Nilimsikia akijishusha chini kwa kuguna, maana ana magoti mabovu, akaegemeza mgongo kwenye mbao na kukaza miguu kwenye benchi langu la kazi.

"Sasa fungua."

Nikasukuma kwa mikono. Kisha nikasukuma kwa bega. Mimi ni mtu niliyebeba magogo ujana wangu wote, lakini mlango ulisogea upana wa vidole viwili, ukarudi. Nikasukuma tena. Upande wa pili alikuwa mama mmoja wa miaka hamsini na tisa, peke yake, na alikuwa analia.

"Na wao walikuwa kumi na mmoja," akasema.

Nikaacha kusukuma. Nilikaa chini nami, mgongo wangu kwenye mbao upande wangu, na nililia bila aibu mchana kweupe, wateja wakipita barabarani.

Dada akauliza, "Kwa hiyo alikuwa nje anasukuma hivi hivi?"

"Ndiyo."

"Na wewe ulijua."

"Tangu siku ile ya tume."

"Nilikuwa nimekushika mkono."

"Ndiyo, dada."

Akanyanyuka, akajipangusa maranda kwenye kanga. Alipopita mbele yangu hakunitazama. Aliniambia tu nisimfuate, nami sikumfuata.

Siku ya pili watu wa filamu wakaja na gari kuuchukua mlango. Mwongozaji akauvuta, haukuja, akausukuma, ukafunguka. Akaniambia nimekosea, nibadilishe bawaba, maana mwishoni mlinzi anafungua na miili inaanguka nje, na tukio lile ndilo filamu nzima. Nikamweleza kwamba sikukosea leo, nilikosea wakati ule. Binti mwenye faili akaacha kuandika, akaniuliza kama ina maana yule mlinzi alifungua kweli. Nikamwambia alifungua. Mwongozaji akakuna shingo, akasema ananielewa, si kwamba hanielewi, lakini mtazamaji ana saa moja na nusu tu, na hasira yake inahitaji mtu wa kumkalia; haiwezi kukalia bawaba. Nikamwambia basi imkalie fundi, nipo. Akasema fundi hana tukio. Wakaondoka kumtafuta seremala mwingine, na mafundi njaa hawakosekani mjini.

Niliiandikia tume barua ya kurasa tatu, nikatia sahihi yangu. Walinijibu kwamba imepokelewa. Nikaanza kuzunguka kwenye madarasa na kumbi nilizowahi kuweka milango, nageuza bawaba. Wengine wananiuliza kama nimechanganyikiwa, eti wezi je? Nawajibu wezi watoe pini.

Filamu ilitoka. Sikwenda kuitazama, lakini nilisikia mlevi yumo na anakoroma vizuri. Nilisikia pia kwamba dada aliwaendea wale watu kabla haijatoka, akawaambia waache. Walimkubalia kuliondoa jina la mwanawe. Mlevi wakabaki naye. Kwangu hakuja. Nilikwenda kwake mara mbili, mara ya kwanza hakufungua, mara ya pili alifungua, akaniambia, "Nitarudi kwako. Sijui lini," akafunga taratibu.

Ijumaa moja nilikuwa napiga msasa miguu ya kiti, nikaona kivuli mlangoni. Alikuwa Kamanda. Jela ilikuwa imemchukua nusu ya mwili, na shati lilimpwaya mabegani. Hakupiga saluti. Nilitaka kusema yale niliyojiandaa kumwambia miaka yote. Nikamwambia anisamehe. Alitikisa kichwa, sikujua kama ni kukubali au kukataa, wala sikuuliza.

Mkononi alikuwa na gunia. Nililitambua kwa kiraka cha bluu pembeni, alichokishona Chiriku mwenyewe mwezi wake wa kwanza chuoni, mishono imekwenda upogo.

"Dada yako amenituma maranda," akasema.

Nikalipokea. Nilijaza kwa mikono yangu miwili, nikashindilia, nikajaza tena, mpaka likawa halifungiki mdomo.