Gundi Isiyonuka

"Mzee wangu, hiyo gundi itatumaliza kabla korona haijatufikia," jirani wa ghorofa ya juu alilalama mlangoni, barakoa kidevuni.

"Mbona hainuki? Pua yako ina umbea kama mdomo wako."

Mzee huyo, dereva mstaafu wa treni, alikuwa akiunda mabehewa madogo ya mbao tangu watu waamriwe kukaa ndani. Ili kumaliza ubishi, akafungua kopo, akanusa. Akanusa tena. Gundi iliyozoea kumtoa machozi leo ilikuwa kama maji.

Dalili hiyo redio iliitaja kila siku. Jirani akapandisha barakoa, akarudi nyuma hatua mbili.

"Na mke wangu ana pumu," mzee alinong'ona.

Mkewe akachungulia kutoka jikoni, akamwona jirani. "Mwanangu, umesimama nje kama mgeni? Ingia, tule."