Chama cha Wapumzikao

Mitchel alikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni, mahali ambapo alikuwa amefuzu, kwa alama za juu kabisa, masomo mawili: kutoroka maandalio ya asubuhi na kuandika barua rasmi za uongo. Hilo la pili ndilo lililomponza.

Likizo ya Agosti ilimkuta Lumakanda kwa shangazi yake Milcah, muuguzi wa zahanati. Kaunti ilikuwa ikikusanya maoni: je, kila zahanati iwekewe dawa ya kumzindua mtu aliyezidisha heroini au vidonge vikali vya maumivu, ile inayopulizwa puani na pumzi ikarudi? Kwa sasa ilikuwa katika hospitali kubwa ya mjini tu, na kutoka Lumakanda hadi Kakamega mjini pumzi ya mtu haingoji. Wiki tatu Milcah alizunguka nyumba hadi nyumba na karatasi yake, akapata sahihi kumi na tisa. Wengi walimwambia, "Sista, ya walevi waachie walevi."

Mitchel akaona uzito huu wote unahitaji chumvi. Akafungua kabati la shangazi, akatoa bunda la programu za mazishi, akanakili majina bila kuyasoma, mkono ukikimbia, tumbo likicheka. Juu akaandika kwa mwandiko wa heshima: "Sisi, Chama cha Wapumzikao wa Lumakanda, tunapinga. Aliyelala aachwe alale. Kuamshwaamshwa hakutufai." Akaitumbukiza katika sanduku la maoni. Alitarajia karani acheke, kisha aitupe.

Karani Kiprono hakuwa mtu wa kucheka. Tena alikuwa mgeni. Siku ya kikao, katika ukumbi wa kanisa, alipangusa miwani akatangaza:

"Kuna maoni ya Chama cha Wapumzikao. Nadhani hawa ni wastaafu wetu. Wako ishirini na wanne, wote wanapinga. Wanaounga mkono ni kumi na tisa. Nitapeleka hivyo kwa kamati."

Milcah alisimama. "Wastaafu gani hao? Tusomee majina."

Kiprono akasoma. La kwanza, watu walitazamana. La pili, mzee mmoja akasema, "Huyo si babangu?" Kicheko kikaanza, na Mitchel, kule nyuma, akavimba kwa fahari.

"Wa tisa," Kiprono akaendelea, "Osiako Mathew."

Kicheko kilikatika.

Mitchel alikuwa shuleni Osiako alipozikwa. Alisikia tu kwa simu: kijana wa jirani, vidonge, gari ambalo hata barabara kuu halikuifikia. Shangazi ndiye aliyemshika kichwa, akihesabu pumzi zake hadi zikaisha. Sasa mama yake Osiako alikuwa mstari wa mbele. Hakulia. Aligeuza shingo polepole, akimtafuta aliyeandika kwamba mwanawe hakutaka kuamshwa.

"Ni mimi," Mitchel alisema. Sauti iliyozoea kumdanganya mwalimu wa zamu ilitoka kama ya paka aliyenyeshewa.

"Wewe umestaafu?" Kiprono akauliza.

"Hao ni marehemu, mkubwa. Nilikuwa nafanya mchezo."

Milcah hakumtazama. Afadhali angemzaba kofi.

"Basi njoo uyakate majina haya," Kiprono alisema. "Moja moja, mbele yao."

Akakata. Kwa kila jina, mtu fulani ukumbini aliguna. Alipofika la tisa, mkono ulikataa. Mama Osiako alikuwa amefika mezani.

"Kata. Halafu andika langu kwa karatasi ya Milcah. Sikuwa nimeandika. Niliona haya, watu wasije wakasema ni kwa ajili ya mwanangu."

Mitchel akakata. Akavuta karatasi ya shangazi, akaweka kalamu kwenye mstari mtupu. Kila likizo alikuwa akila obusuma, ugali wa kwao, jikoni kwa mama huyu.

"Jina lako... ni nani, mama?"

"Kumbe unajua ya wafu tu," alisema mama yule. "Muhonja."

Akaliandika. Nyuma yake mabenchi yalisogezwa, watu wakapanga mstari. Hakuna aliyemwomba kalamu. Waliitoa tu mkononi mwake, wakaweka sahihi, wakampa aliyefuata.