Chungwa la Mjomba Zefania

Niliota, usiku wa jana, kwamba kuna mgeni anabisha hodi. Nikafungua mlango. Ni kisu.

Kisu cha zamani cha Kijapani, cha kukunja, kile ukibonyeza kitufe kinafunguka chenyewe. Nilikitambua. Ndicho bora katika mkusanyiko alioniachia marehemu Mjomba Zefania. Kimevaa koti la mvua.

"Karibu," nasema, nanyoosha mkono.

"Kisu hakipokewi mkononi, tutagombana." Kinajilaza mezani ili nikiokote. Nakiokota.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mjomba wako aliniahidi kwamba nitakata chungwa siku utakapohitimu. Umehitimu?"

"Tangu Novemba."

"Na chungwa?"

Nikakitazama kitufe. Mjomba alinifundisha kwamba kisu kisichowahi kukata ndiyo hazina, na kwamba usibonyeze ovyo, springi huchoka. Sasa ndani ya mpini nasikia springi ikikohoa.

"Nimechoka kweli," inasema. "Nimebakiza mruko mmoja tu. Usinimalizie kwenye kufungulia bahasha."

Mara tupo kwenye mahafali. Viti vyote vimekaliwa na visu vilivyovaa majoho. Mjomba Zefania yuko jukwaani. Badala ya cheti changu ameshika chungwa la Muheza.

"Mpwa wangu, unangoja nini?"

"Kikifunguka leo hakifunguki tena, Mjomba. Na ndicho kinachonikumbusha wewe."

"Hee! Yaani mimi nimekuwa springi?"

Visu vinacheka kwa adabu.

"Kila Jumapili nilikipaka mafuta huku nikikuombea," anasema. "Nilipokiahidi chungwa, wewe uliitikia."

Kweli niliitikia. Nilikuwa mdogo, mdomo umejaa chungwa alilonimenyea.

Nabonyeza. Tka! Kisu kinafunguka. Springi inasema, "Ahsanteni," inanyamaza moja kwa moja.

Namenya kama alivyonifundisha, ganda moja refu lisilokatika. Nusu nampa yeye. Anakula taratibu, anatemea mbegu ndani ya kofia yangu ya mahafali.

"Tamu," anasema.

"Asante kwa yote, Mjomba."

"Kula, linadondoka."

Niliamka kumekucha. Kisu kilikuwa mezani, wazi. Nilikikunja, nikabonyeza kitufe. Kimya.

Nikaishusha kofia ya mahafali kutoka msumarini. Ndani mlikuwa na mbegu za chungwa, bado zina mate.